Malaika, Shetani na Ng'ombe wa Mama Moraa

Jumamosi, hapa nyumbani Sosiot. Mvua ya mawe imepiga tangu saa nane, na majani ya chai niliyopanga kuchuma Jumatatu yametoboka yote. Nimenuna mchana mzima.

Kwa hivyo nilikaa ndani nikaendelea na ile komedi ya Waingereza ambayo binamu yangu aliniwekea kwenye kompyuta. Malaika na shetani wametumwa duniani, kila mmoja na wakubwa wake, wapingane hadi siku ya mwisho. Lakini wamekaa huku miaka mingi mno. Wamezoeana, na sasa wanasaidiana kazi kisirisiri. Malaika hajui kudanganya, akijaribu anatokwa jasho. Shetani naye akitenda jema anaangalia nyuma kama mtu aliyeiba mahindi. Nilicheka mpaka nikakohoa.

Walionishangaza ni wale wakubwa. Wa juu na wa chini hawapatani kwa lolote, lakini wanafanana kabisa. Wote wanapenda mikutano, na wote wanauogopa urafiki wa hao wawili kuliko wanavyoiogopa vita.

Hapo nikaacha kucheka.

Mama Moraa ni jirani yetu. Watu wake walitoka Kisii kabla sijazaliwa. Yeye huabudu Jumamosi, sisi Jumapili. Tangu nikiwa mdogo, Jumamosi mama yangu humkatia majani ya nepia ya kulisha na kumkamulia ng'ombe, na Jumapili Mama Moraa hutufanyia vivyo hivyo tukiwa kanisani. Anayekamua ndiye anayebaki na maziwa. Mursik tamu zaidi ambayo mama amewahi kugandisha kwenye kibuyu chake ilitoka kwa ng'ombe wa Mama Moraa, na mama mwenyewe hakatai.

Halafu juzijuzi mama akachaguliwa kuwaongoza akina mama kanisani. Mzee mmoja wa kanisa akamwambia kwamba kumfanyia mtu kazi siku yake ya sabato ni kuunga mkono imani yake, na kiongozi lazima awe mfano. Mama akaacha. Hakumweleza Mama Moraa neno, hakwenda tu. Jumapili iliyofuata Mama Moraa naye hakuja.

Sasa mimi ndiye ninayekamua Jumapili. Nafika ibadani watu wameshaimba, nikinuka zizi. Wao wawili husalimiana kwenye ua kwa adabu nyingi, kama wageni. Inaniuma sana. Mama alipolazwa hospitalini nikiwa mtoto, nilikula na kulala kwa Mama Moraa, na sitaki wazeeke wakiwa hivi.

Leo mama aliingia na sinia ya maharagwe, akamwona yule shetani, akauliza kwa nini namleta ndani ya nyumba yake. Nikamweleza hadithi, maana Kiingereza chao hutoka puani na yeye hakifuati. Akasimama. Kisha akaketi kwenye mkono wa kochi, akichambua maharagwe na kutazama. Alicheka mara moja, akafunika mdomo. Baadaye akauliza:

"Hao wawili, mwishowe wanaachana?"

Nikamwambia sijafika mwisho.

Akaweka sinia chini, akachukua ndoo. Namjua mama, ningefungua mdomo angerudi kuketi. Nilimfuata na mwavuli tu.

Mama Moraa alikuwa mlangoni kwake, bado amevaa nguo za kanisa, na ng'ombe analia zizini. Mama hakuomba msamaha. Hilo hajawahi kulijua.

"Mama Moraa, nimekuja kukamua."

Mama Moraa alimtazama hadi nikaanza kuangalia viatu vyangu.

"Wazee wa kanisa yenu watasema nini?"

"Watasema. Wewe nipee kamba ya kufunga miguu."

"Iko pale uliacha."

Ilikuwa pale kweli, kwenye msumari wa zizi. Mama akafunga miguu ya ng'ombe, akaketi, akakamua. Nilisimama na ule mwavuli nikilia kama mjinga, nikishukuru kwamba mvua bado ilikuwa inanyesha. Tulipokuwa tunaondoka, Mama Moraa alisema kwamba kesho anakuja kwetu, na mimi niende kanisa mapema kama watu wengine.

Nimefurahi, lakini sitajidanganya. Kesho mama atasimama mbele ya akina mama wenzake, na hapa kwetu habari hufika kanisani kabla ya mchungaji. Sijui kama watamwachia uongozi. Aliutaka sana, hata kama hakusema.

Nimemuuliza sasa hivi kama anaogopa. Amesema ndiyo, sana. Kisha akaniambia nimpigie pasi lile gauni lake la bluu la kanisani.