Bibi wa Ghorofa ya Tatu

Zaozerye,
Jumanne, mwezi wa nne

Dada yangu mpenzi Kapitolina,

Pokea shikamoo yangu na heshima zote. Natumaini goti lako limepoa kidogo tangu theluji ianze kulainika, na kwamba kifua cha shemeji Tikhon hakimsumbui tena. Mwambie asipande paani kukwangua barafu, umri huo si wa michezo. Mimi ni mzima. Presha inapanda na kushuka, lakini vidonge ninavyo.

Utashangaa kuona nakuandikia kutoka nyumba ya mama. Niko hapa tangu Alhamisi. Ufunguo niliukuta palepale, juu ya boriti ya banda la kuni. Siku ya kwanza tanuri lilinitoa machozi kwa moshi, sasa linavuta vizuri. Panya wamekula godoro moja. Kijiji kizima ni nyumba mbili tu zinazotoa moshi, hii na ya yule mzee kiziwi ng'ambo ya kijito. Mapazia ya upande wa barabara sijayafungua. Nitakueleza sababu, ila niache nianzie mbali, maana nikianzia karibu utaichana barua kabla hujaimaliza.

Unajua nilivyobaki tangu mwanangu Rodion ahamie Vladivostok na mkewe. Mwanawe Lev sasa ana miaka sita. Kwenye simu ananiita Taisiya Matveyevna, jina na ubini, kama mtoto anayemwita mwalimu mkuu. Kwake babushka, yaani bibi, ni mmoja, mama wa mke wa Rodion, anayekaa nao nyumba moja na kumpikia uji. Simlaumu mtoto. Atamwitaje bibi mtu ambaye hajawahi hata kumfunga skafu?

Na kumbe nje ya nyumba neno hilo halinikosi. Kwenye basi: "Babushka, kaa hapa." Sokoni: "Babushka, sogea basi, umeziba njia!" Mara ya kwanza nilikuwa na miaka hamsini na tatu, nimejifunga kitambaa kwa ajili ya upepo, nikageuka nyuma kutazama anaitwa nani. Wewe ulipolisikia ulicheka hadi ukapaliwa. Baadaye nikazoea. Neno hilo huvishwa kila mwanamke mzee bila kuulizwa, na hata likikukaa vizuri hujapata mtu.

Pale kwenye benchi mbele ya lango letu tulikuwa watatu, mimi, Faina na Serafima. Mtoto akipita kichwa wazi, Faina humkaripia: "We, kofia iko wapi? Unataka masikio yadondoke?" Mama wa mtoto hakasiriki. Hurudi kuchukua kofia. Hakuna aliyetupa kazi hiyo, ila mtaa mzima unajua ni yetu.

Mwaka juzi ghorofa ya nne, juu yangu, alihamia mwanamke kijana, Rimma, na binti yake Ustinya, au Ustya, wa miaka mitatu. Mume hakuwepo, na sikuuliza. Rimma anafanya kazi kiwanda cha mbao, kwa zamu. Siku moja nilimkuta kwenye ngazi amembeba mtoto ana homa, na zamu yake inaanza. Nikamwambia amwache kwangu. Tangu siku hiyo Ustya akawa wa nyumbani. Nilimfuma soksi, nikamkaangia chapati nyembamba za maziwa, nikamfundisha kuchora tanuri na kulitia moto kwa kalamu nyekundu. Rimma aliandika barua ya ruhusa chekechea ili niwe namchukua jioni.

Majira ya baridi yaliyopita, mbele ya watoto wengine, Ustya alinishika mkono akawaambia, "Huyu ni babushka yangu. Wangu mimi." Dada, nilienda nyumbani nikakaa na koti langu mwilini mpaka chai ikapoa.

Mwezi wa tatu Rimma alishuka kwangu na sanduku la biskuti. Alikuwa na furaha. Akaniambia mama yake mzazi amestaafu, anakuja kutoka Astrakhan kukaa nao kwa muda, na wakishauza vitu watahamia huko wote. Akanishukuru sana. Kisha, kwa upole kabisa, akasema, "Sasa Ustya atakuwa na bibi yake mwenyewe, Taisiya Matveyevna. Nimemwambia aanze kukuita shangazi Taya, asije akachanganyikiwa."

Nilimjibu kuwa ni sawa. Nilimkatia hata kipande cha pai ya kabichi aende nacho. Baada ya hapo nikawa sishuki tena kwenye benchi. Serafima alipanda kuniangalia, akasema macho yangu hayampendezi, akaniuliza kama napata usingizi. Nilimwambia ni presha.

Alhamisi ndiyo siku ambayo mama wa Rimma alikuwa anafika kwa treni ya jioni. Nilienda chekechea saa nane, watoto wameamka tu usingizi wa mchana. Mlezi wao, Albina, alikunja uso akasema mama mtu alimwambia atakuja mwenyewe. Nikamjibu kuwa kuna dharura kiwandani. Angeweza kupiga simu. Alikuwa ameshaishika. Lakini Ustya alinikimbilia na kiatu kimoja, akiita neno lile, na Albina akairudisha simu mfukoni.

Njia nzima ya kuja huku hakuna aliyenitilia shaka. Stesheni ya mabasi askari mmoja alinibebea begi mpaka mlangoni. "Una mjukuu mzuri, babushka," akasema, na akampa peremende. Umri wote huu sijawahi kuaminiwa na watu wengi kiasi hicho kwa siku moja, na siku hiyo ndiyo nilikuwa mwizi.

Sasa umeelewa mapazia. Simu yangu niliizima nikaitumbukiza kisimani.

Na bado hujasikia baya lenyewe. Siku mbili za kwanza nilimwambia tuko matembezini. Siku ya tatu alilia anamtaka mama, alilia mpaka sauti ikamwisha, na mimi nilikuwa nimechoka, na ningetoa chochote anyamaze. Nikamwambia mama hayupo tena. Akaniuliza hayupo vipi. Nikamwambia amekufa, sasa tumebaki wawili, mimi na yeye.

Alinyamaza pale pale. Nilitaka anyamaze, Kapa, na alinyamaza. Tangu Jumamosi hajasema neno. Anakula nikimlisha, anafumba macho nikimwambia alale. Nikimkaribia kumfunga kitambaa anainua mikono juu ya kichwa, ingawa sijampiga wala sitampiga. Hajaniita babushka, wala shangazi, wala kitu chochote. Hivi ninavyoandika amekaa juu ya tanuri, pale tulipokuwa tukilala utotoni, ananitazama, na ninaogopa kugeuka.

Prokhor wa gari la mkate anapita leo adhuhuri, na nitampa barua hii akuletee mkononi. Anasema maji yamefika kwenye mbao za daraja. Keshokutwa litazama, na barabara itafungwa wiki mbili au zaidi. Najua utauliza kwa nini nisipande gari lake pamoja na mtoto. Tangu asubuhi nimefunga mzigo mara mbili na kuufungua mara mbili. Barua hii pia ni ya tatu, zile mbili nilizitia motoni. Kwa hiyo usiniamini kwa lolote nililoandika kuhusu majuto yangu. Amini daraja tu.

Namba ya Rimma nimeiandika nyuma ya bahasha. Mpigie kabla hujavua miwani. Kabla ya kitu chochote mwambie mtoto yuko hai. Na mwombe aje na sauti yake, aanze kuita tangu kule kijitoni, ili Ustya asikie kabla hajaona mtu.

Njoo nao kesho. Usije peke yako, Kapa, nakuomba kwa jina la mama. Nikikuona umesimama mlangoni peke yako nitakusihi unyamaze wiki mbili tu, na wewe ni dada yangu, hujawahi kuninyima kitu.

Wasalimie Tikhon na majirani wanaonikumbuka. Wakiuliza niko wapi, sasa unaweza kuwaambia.

Ni mimi mdogo wako,

Taisiya