Mapigo ya Roshani

Jumapili, 29 Septemba 2024

Leo nimesali kanisa la nyumbani, mlimani. Nimekaa chini ya roshani mpya ya kwaya – zege, waumini wameijenga kwa jasho lao. Kwaya ikaanza kupiga hatua, kulia, kushoto, na taa zinazoning'inia chini yake zikaanza kucheza. Mungu wangu! Mama yangu yuko pale juu, mstari wa mbele, sauti ya pili. Kazi yangu mjini ni kupima majengo yanavyotikisika. Sikusikia hata neno moja la mahubiri.

Jumatano, 2 Oktoba

Nimeomba ruhusa kazini, nimepanda mlimani na kipimo cha mtikisiko. Kila sakafu ina mapigo yake. Ukiikanyaga kwa mapigo hayohayo, mtikisiko unakua kila hatua, kama kumsukuma mtoto kwenye bembea. Mapigo ya roshani yetu ni ya haraka kidogo kuliko wimbo wao wa Sikukuu ya Mavuno ya Jumapili hii. Kidogo tu! Na nondo zimechungulia pembeni, nyembamba. Naogopa.

Nimemwamkia Mwalimu Eliud wa kwaya, nikamwomba wasicheze kabisa. Akacheka, mavuno gani hayo bila kucheza. Basi imbeni polepole, nikamwambia, mkae mbali na mapigo yake. Hilo kakubali. Nimewapigia wanakwaya mwendo kwa makofi mwenyewe mpaka wakaushika.

Ijumaa, 4 Oktoba

Mama kapiga simu. Wanafanya mazoezi polepole, hata wazee wamefurahi, hawachoki. Afadhali.

Jumapili, 6 Oktoba

Niko kanisani.

Nimefika nikakuta roshani imejaa! Mzee Manase, mzee wa kanisa, amepandisha mabenchi yote ya mninga, mazito, na kwaya ya wageni kutoka Levolosi. Nikamuuliza kwa nini. Akanieleza taratibu, kwa furaha kabisa, kuwa pikapu yake ikiwa tupu inarukaruka barabara ya huku juu, akiijaza ndizi inatulia. Kasikia roshani inanitia hofu, kaijazia uzito itulie. Kanifanyia mimi!

Yesu. Uzito umeyapunguza kasi mapigo ya roshani. Nimeweka kipimo: yameshuka mpaka yanalingana na wimbo. Huu wa polepole. Wangu!

Nimemkimbilia Mwalimu Eliud – imbeni haraka, au msiimbe kabisa. Akasema juzi nilitaka polepole, leo haraka, nisimwaibishe mbele ya wageni. Mchungaji tayari yuko madhabahuni. Nimemkuta mama kwenye ngazi, nimemshika mkono, nikamwambia asipande, roshani haitawabeba.

"Nibaki mimi chini, Lydia, na wenzangu je?"

Nikasema wenzako hawanisikii. Akautoa mkono wangu polepole, akapanda.

Nimewahamisha watoto wa Shule ya Jumapili waliokaa chini ya roshani, na bibi mmoja aliyekuwa akinung'unika. Watu wananitazama kama kichaa. Watazame! Mzee wa zamu kanijia, kaninong'oneza nikae, ibada inaendelea. Nimekaa. Naandika maana nisipoandika nitapiga kelele. Labda nipige. Nikipiga kelele watakimbilia ngazi wote kwa pamoja, na ngazi ni moja.

Kwaya zote mbili zimesimama. Mama kanitafuta kwa macho, kaniona. Hatabasamu. Namwonyesha kwa kiganja, usipige hatua mama, simama tu. Anamtazama Mwalimu Eliud.

Wameanza. Polepole, vilevile nilivyowafundisha –