Kufuli la Choo Namba Tisa

Mdogo wangu mpendwa, ambaye sasa sijui nikuite profesa au niendelee na jina la nyumbani,

Marahaba. Shikamoo yako nimeipokea jana. Imesafiri kutoka ng'ambo mpaka posta ya Dodoma, ikapanda basi mpaka hapa kijijini, na bado ilikuwa ya moto. Nimeisoma barua nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, kisha nikamsomea wifi yako kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Profesa! Wifi yako alipiga vigelegele mpaka mbuzi wa jirani wakakimbilia korongoni. Mimi nilijikaza kama mwanamume, nikaenda nyuma ya nyumba, nikaruka mara mbili. Sawa, mara tatu.

Unasema utatoa mhadhara wako wa kwanza ukiwa profesa, na unaomba ruhusa ya kuutaja mfano wa choo namba tisa pamoja na jina la mwenye choo, "kaka yangu, mtu mwadilifu." Umeomba kunitaja mbele ya watu, basi na mimi nakujibu mbele ya watu, kwa barua isiyofungwa. Nikikutumia kwenye bahasha utaisoma, utanihurumia, utaificha. Nakujua.

Unakumbuka ulivyokuja? Ilikuwa mwanzoni mwanzoni mwa ruksa ya biashara, maduka ya mjini yameanza kuwa na vitu badala ya foleni. Huku tulikuwa tumezoea kufua kwa majivu na subira. Wewe ukashuka kwenye gari na maboksi ya sabuni ya kunukia, kila moja imevishwa karatasi ya waridi kama bibi harusi. Ulikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, una tasnifu ya kuandika, na una neno jipya mdomoni: motisha.

"Kaka," ukaniambia, "watu wanajua kabisa kwamba choo ni afya. Tatizo si kujua. Tatizo ni kwamba hakuna kinachowavuta."

Ukapanga hivi: kaya ikichimba choo, inapata sabuni. Kila mwezi choo kikikutwa kisafi, sabuni nyingine. Mimi niliyeishia darasa la saba, mengine nikajifundisha kwenye magazeti yaliyofungiwa sukari, ukanipa daftari lenye namba ya kila choo, na kalamu, nikawa mkaguzi. Sijawahi kuvaa shati la kuchomekea mara nyingi kama miezi ile.

Kijiji kikachimba! Wazee waliokataa mabwana afya watatu walikuwa shimoni na sururu. Ulikuwa unatembea kati ya nyumba kama uko harusini. "Kaka, inafanya kazi! Ona!" Na kweli vyoo vilikuwa visafi mpaka nzi walikuwa hawavijui. Kila kimoja kina mlango wa madebe, na kila mlango una kufuli. Mama Nyemo, jirani yetu, ufunguo wake alikuwa anauvaa shingoni kama msalaba.

Sasa nikwambie: hata mimi nilikuwa najua. Kijiji kizima kilikuwa kinajua isipokuwa wewe. Alfajiri watu walikuwa wanakwenda korongoni kama walivyokwenda babu zao. Choo kilikuwa cha kukaguliwa. Ulilipia usafi, tukakuuzia usafi, na hakuna choo kisafi kama kisichoingiwa na mtu. Na sabuni? Nani angeipotezea mikononi! Zote zilikuwa sandukuni katikati ya nguo. Jumapili kanisa zima lilikuwa linanukia waridi, mikono ni ileile.

Hukuweza kuona, maana ulikuwa unalala mjini, Makole kwa shangazi, na gari lako lilikuwa linafika saa nne, korongo limeshamaliza kazi.

Mpaka siku ile ulipopata lifti ya mapema, ukafika saa moja. Ulikutana nao njiani wanarudi, msururu mmoja, wanakusalimia kwa adabu. Hukuelewa bado. Ukanikuta mlangoni kwangu na daftari, tukafungua choo changu, namba tisa, pamoja. Kilikuwa kichafu. Sina haja ya kupamba: kilikuwa kimetumika, na aliyekitumia alikuwa na haraka.

Ulisimama begani kwangu. Nikaandika: kimetumika, si kisafi, hakuna sabuni.

Ukageuka ukatazama njia ya korongoni. "Kaka. Na vile vingine?"

Aliyekujibu ni Mama Nyemo, amesimama uani kwake na kata ya maji, wala hakuwa na ubaya wowote. "Mwanangu, choo kizuri vile, nani akichafue?"

Ulikaa juu ya boksi la sabuni. Nilidhani unalia, kumbe unacheka, kisha ukalia kweli, maana tasnifu yote ilikuwa imekaa chini na wewe. Halafu ukaniangalia kwa macho ambayo sijayasahau mpaka leo. "Wewe tu. Wewe ndiye uliyekubali kukosa sabuni."

Nikasema, "Nimeandika nilichokiona."

Maneno mazuri! Uliyaandika palepale. Ukaitupa tasnifu ya kwanza, ukaandika ya ukweli, na kutoka hapo ukaenda mbali: motisha hununua kile kinachopimwa, lakini ndani ya mtu kuna kitu kisichonunuliwa. Makala zako ninazo zote. Nazisoma kwa kamusi, ukurasa mmoja kwa wiki, na kila nikimkuta "mwenye kaya namba tisa" najikohoza kidogo.

Sasa sikiliza. Siku mbili kabla ya ukaguzi ule niliingia kufagia. Kufuli na ufunguo wake nilikuwa nimeviweka mfuko wa shati. Nikainama. Vikatumbukia. Havikulia hata chubwi, vililia puu, maana shimo lilikuwa kavu kama ghala la mwezi wa pili, kabla ya mavuno. Nikafikiria kushuka. Wifi yako akaniuliza, "Ukikwama, watu niwaambie ulifuata nini?"

Mlango ukabaki bila kufuli. Usiku huohuo Daudi wetu akaharisha, mama yake akamkimbiza humo badala ya korongoni, na akafanya hivyo siku mbili. Nilipanga kupasafisha kabla ya saa nne. Wewe ukaja saa moja. Niliandika nilichokiona kwa sababu na wewe ulikuwa unakiona. Huo ndio uadilifu wangu wote, profesa. Ungekuja saa nne ungenipa sabuni na ningepokea kwa mikono miwili.

Nimeufaidi huo uadilifu. Habari ilizagaa, wakanichagua mjumbe wa nyumba kumi kwa ajili yake. Najua pia nakuharibia mfano unaoupenda, tena karibu na siku yenyewe. Nilikaa na barua yako mpaka chai ikapoa. Lakini utasimama mbele ya wasomi useme jambo ambalo halikutokea, na aliyekudanganya ni mimi. Hilo sitaki.

Na hapa kaa vizuri, maana ndiyo sababu naandika huku mguu unacheza! Baada ya wewe kuondoka nilileta kufuli jipya kutoka mjini. Wifi yako alilipokea, akashukuru, akafungia sanduku la nguo. "Choo hakifungwi," akasema. "Mimi korongoni sirudi. Sikatai mila, nakataa miiba." Hakupewa sabuni. Hakuhubiriwa. Alionja siku mbili tu. Wiki iliyofuata Mama Nyemo akabisha hodi, ufunguo uko shingoni. "Baba Daudi, naomba choo."

"Si unacho chako?"

"Kile cha wageni, bwana. Usinicheleweshe."

Je, hiyo ni motisha? Ni maadili? Mimi sijui inaitwaje kisomi, ila ukiwa na kitabu kingine cha kuandika, kianzie hapo! Usiseme "mtu mwadilifu." Sema mtu aliyeangusha kufuli. Ruhusa ya jina langu unayo, kwa sharti hilo.

Vyoo vya kaya nyingine vilikaa miaka vikiwa visafi, kisha mvua ikavibomoa vikiwa vitupu. Namba tisa kilijaa. Nilikifukia mwenyewe, nikapanda mpapai juu yake, na sasa tuko kwenye shimo la pili. Mapapai tunakula na Mama Nyemo. Kufuli liko kulekule chini, na wewe ukija, tutakula papai lake huku unanisimulia wasomi walicheka wapi.

Wifi yako anasema unawe mikono.

Ni mimi kaka yako, mkaguzi mstaafu, wa namba tisa.