Waliomwimbia Muhonja

Mtongwe, Likoni

Dada yangu mpendwa Rasoa,

Nakusalimu kwa jina la Mungu aliyetutunza mpaka leo, wewe huko Shinyalu kwenye baridi na mimi huku ng'ambo ya feri. Goti linaendeleaje? Na yule ng'ombe mweusi alizaa salama? Sisi hatujambo. Baba Muhonja bado yuko bandarini na mgongo bado unamsumbua, mimi bado niko kiwanda cha nguo, na joto la mwezi huu linatufanya tulale tukiloweka leso kwenye maji na kujifunika. Naandika kwa Kiswahili ili mjukuu wako akusomee bila kukwama. Mwambie asome polepole, na asicheke.

Uliponipigia simu baada ya harusi ya Muhonja nilikwambia mambo yalikwenda vizuri. Ukauliza mbona sauti yangu iko vile, nikasema ni mafua. Hayakuwa mafua, dada. Ulikuwa wivu, na wivu hausemeki kwa simu nyumba ikiwa imejaa wageni.

Nimewahi kukutajia Bi Mwanakombo, yule mama wa Kidigo tunayepakana naye ukuta. Ananizidi umri kidogo, anapika mahamri ya kuuza, na ndiye anayewaongoza wanawake wanaopiga vugo kwenye harusi za mtaa huu. Vugo ni ngoma yao wanawake: wanagonga pembe za ng'ombe kwa vijiti huku wakiimba na kwenda kwa safu. Muhonja alipokuwa mdogo nilikuwa natoka nyumbani kabla ya jua niwahi feri, narudi giza limeingia. Aliyemlisha mchana, akamsuka, akamchapa alipokosea, alikuwa Bi Mwanakombo. Nilimshukuru, na shukrani zangu zilikuwa za kweli. Sikujua kwamba mle uani mtoto alikuwa pia anafundishwa kugonga pembe.

Muhonja alipoposwa na Bakari, yule fundi wa mafriji, akaingia Uislamu, unajua nililia kisha nikakubali. Kijana ana adabu na anampenda. Lakini sikuwa nimeambiwa kwamba kwa desturi za huku bibi harusi huwa na somo, mwanamke wa kumfunda na kumsimamia siku zote za harusi, na mama mzazi hukaa kando. Walipomuuliza somo wake atakuwa nani, Muhonja hakufikiri hata kidogo.

"Bi Mwanakombo," akasema. Kisha akanigeukia. "Si ni sawa, mama?"

Nikasema ni sawa. Nilikuwa nachambua mchele, nikaendelea kuchambua.

Siku ya hina uani kwa Bi Mwanakombo palijaa wanawake peke yao, wamevaa madera yao mazuri, na udi ukifukizwa mpaka macho yanawasha. Pembe zikaanza. Sitakudanganya, dada, ni ngoma tamu. Ule mlio mkavu wa vijiti unaingia kwenye mifupa, na Bi Mwanakombo akitoa wimbo sauti yake haitetemeki. Muhonja alikuwa amekaa mkekani, mikono na miguu imetandazwa kwa ajili ya hina, asiweze kugonga chochote. Lakini midomo yake ilikuwa inakwenda. Alijua kila wimbo, kila mahali pa kuitikia. Nilimwangalia mwanangu niliyemzaa akiimba vitu ambavyo sikuwahi kumsikia akiviimba nyumbani kwangu.

Mwanamke mmoja aliyekaa karibu nami, mgeni kutoka kwao Bakari, akanisogezea sahani ya halua. "Nawe ni jirani?" akauliza kwa upole. "Mamake bibi harusi yuwapi? Ni yule anayeimba?"

Nikamwambia, "Mamake ni mimi."

Aliniomba radhi sana, maskini. Hakuwa na kosa. Lakini halua ile nilimrudishia.

Jioni ile ile nikampigia simu Shikuku, yule kijana wa kwetu anayeishi Changamwe, ambaye yeye na wenzake hupiga isukuti kwenye mazishi na sherehe za watu wa bara. Nikamwomba aje kesho yake na ngoma zote tatu, ya baba, ya mama na ya mtoto. Baba Muhonja alinisikia.

"Kesho ni siku ya wanawake tena," akasema. "Hao ni wanaume. Hawataingia mle uani."

"Watasimama barabarani," nikamjibu. "Barabara si ya Bi Mwanakombo."

Akanigeukia. "Unataka kumpa mtoto zawadi, au unataka kushindana?"

Nikainuka nikaenda kuloweka leso, kwa sababu alikuwa amejua.

Kesho yake wakaja. Wanawake walikuwa ndani wakimpamba Muhonja, pembe zinalia, na mimi nimesimama langoni kama askari. Shikuku akaifunga ngoma kubwa kiunoni, akaniangalia, nikamwashiria kwa kichwa aanze. Dada, unajua isukuti ikianza inavyokuwa. Watoto walitoka kila nyumba. Waendesha bodaboda wakazima pikipiki. Mle ndani pembe zikapotea, kwanza moja moja, kisha zote zikanyamaza, na mimi nikasikia raha ambayo siwezi kukuficha. Nikasema moyoni, sasa mtajua huyu mtoto ana kwao.

Bi Mwanakombo akatoka. Alikuwa amejitanda leso, pembe bado mkononi. Nilijiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa na maneno yangu tayari tangu usiku. Akasimama, akasikiliza, bega lake moja likaanza kwenda lenyewe.

"Mama Muhonja," akasema, "ngoma tamu hii, wallahi. Mbona hukutwambia?"

Nikajifanya namtazama Shikuku.

"Na nyimbo zake? Za kumtoa mwari kwenu mwaimbaje? Ingia utwimbie. Wao wapige hapa hapa nje, sisi twaisikia."

Ningependa zaidi angenitukana. Lakini alikuwa ameniambia hivyo mbele ya watu wote wale, ningefanya nini? Nikaingia.

Wakanipisha. Muhonja alikuwa amekaa kwenye kiti, amepambwa kwa asumini na dhahabu ya kwao Bakari, mzuri hata nikaogopa kumsogelea. Nikautoa ule wimbo wa mama yetu, ule aliokutoa nao wewe jikoni siku yako, unaomwita bibi harusi kwa jina la nyanya yake na kumuuliza maji ya mama yatatekwa na nani sasa. Nikaimba mstari wa kwanza, nikasimama mahali pa kuitikiwa.

Ngoma zilikuwa zinalia nje na ndani hapana aliyefungua mdomo. Nikamtazama Muhonja. Naye akanitazama mimi, macho yamemtoka, na nikaelewa kwamba hajui. Angejuaje? Sikumfundisha. Jumapili nilikuwa nafua nguo za wiki nzima.

Nikaurudia mstari, sauti imeanza kukatika. Mara hii nikaitikiwa. Bi Mwanakombo alikuwa amekamata sauti bila maneno, anavuma tu, "hoo, hoo," mahali penyewe hasa, na kijiti chake kikaangukia juu ya mapigo ya Shikuku. Mara ya tatu wakaingia wote. Uani kwa Wadigo, dada, wanawake wa madera na mabuibui wakamwitikia mama yetu.

Muhonja akasimama analia, wanja unamtiririka. Nikafungua mikono. Akamwangukia Bi Mwanakombo kwanza. Bi Mwanakombo ndiye aliyekuwa karibu na kiti, mimi nilikuwa upande wa mlango. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Kisha akaja kwangu, akanishika kwa nguvu mpaka asumini zikapondeka, akasema, "Mama, mbona ulinificha wimbo huu?" Nami nilikuwa nimemshika huku nahesabu ni nani aliyeshikwa kwanza. Ndivyo moyo wangu ulivyo siku hizi.

Ningekuwa nimeyamaliza hapo, lakini hayajaisha. Wiki mbili zilizopita nilikuwa natoa nguo kwenye kamba nikawasikia wanawake wa vugo kupitia ukutani wanafanya mazoezi ya harusi nyingine, ya msichana ambaye hata simjui. Walikuwa wanaimba wimbo wetu. Maneno wameyavunjavunja, jina la mama yetu wamelifanya kitu kama jina la samaki. Na mmoja akasema, "Huu wimbo wa Bi Mwanakombo utamaliza watu."

Nikaacha nguo, nikaenda nikagonga.

"Si hivyo," nikamwambia Bi Mwanakombo nikiwa bado mlangoni. "Mnauimba vibaya. Na si wako."

Wenzake wakainamisha macho. Yeye akasogea kwenye jamvi. "Najua si wangu. Nimewaambia, hawasikii. Haya keti, ututengeneze."

Nimekuwa nikienda kila jioni nikitoka kazini. Nakaa mbele yake, si kando. Nimepewa pembe, naigonga vibaya, na wanawake wananicheka, nami nawacheka wanapojaribu kutamka Kiisukha chetu. Usifikiri nimepona. Muhonja akija kututembelea hupitia kwanza mlango ule, na mimi husikiliza kupitia ukutani ni kicheko cha nani.

Nisalimie shemeji yangu, mume wako, na umwambie asiache dawa ya presha. Nisalimie shangazi anayetunza kaburi la mama, na mchungaji wetu, na watoto wote wa kaka. Mjukuu wako anayesoma hapa nampongeza kwa kusoma mpaka chini.

Neno moja la mwisho. Ubeti wa nne umenitoka kabisa kichwani, ule wa ndama, na Bi Mwanakombo anaujua upungufu huo. Muhonja amempa nambari yako ya simu. Akikupigia atakusalimu vizuri sana, atakuita dada, na utampenda, kwa sababu kila mtu humpenda. Usimwimbie. Niimbie mimi kwanza, Jumapili mchana nikiwa peke yangu, ili aupate kutoka kwangu.

Mdogo wako anayekupenda,
Mama Muhonja