Chupa Tatu za Bruda Anselmi

Jumatatu, 4 Agosti 1975
Mkate umegoma kuumuka tena. Kuni mbichi. Lori la misheni limerudi toka stesheni ya Kigoma na kasha la Bruda Anselmi wa Dodoma: chupa tatu za divai nyeupe, mavuno ya mwaka huu. Na barua. Mkuu wake anataka kung'oa mizabibu yote myeupe. Anasema divai hiyo haina chakula cha kupatana nacho nchi hii. Wote wawili watapita hapa Kasulu Jumapili. Bruda ananiomba mimi, mpishi wa mapadre, nimtafutie hicho chakula. Miaka sita ya jasho lake. Naogopa.

Jumanne, 5 Agosti
Nimefungua ya kwanza. Rangi ya majani makavu. Harufu ya ganda la limau na nyasi iliyokatwa. Inakamata taya, kisha inaosha kinywa chote, unataka tena. Nzuri mno! Nimeipenda kwa funda la kwanza.
Kwa maharage: maji ya kusuuzia. Kwa mbuzi wa kuchoma: mbuzi kaimeza. Kwa dagaa wakavu: kama nalamba msumari. Chupa imeisha, chakula sina, kichwa kinazunguka.

Jumatano, 6 Agosti
Jiko la misheni lina joto. Chupa mbili nimezipeleka nyumbani. Mama mkwe yupo, katoka Kasanda kumlea mjukuu. Pombe yake ya ndizi watu huifuata toka Kibondo. Kwetu mama mkwe hali wala hanywi mbele ya mume wa bintiye, hata tonge. Tunaheshimiana kwa mbali. Maneno yanapitia kwa Skola, mke wangu.

Alhamisi, 7 Agosti
Msiba. Mama mkwe kazibua chupa, kanusa, kaona ni changa. Akaitia unga wa mtama uliokaangwa, kama afanyavyo pombe ya ndizi, akaiweka karibu na mafiga iive. Sasa ni uji wa kahawia unaotoa povu. Kumgombeza siwezi, ni mkwe. Nimepiga teke mlango wa banda la mbuzi. Kidole kimevimba. Hasira hasara.

Ijumaa, 8 Agosti
Bado nimenuna. Skola kaja na ujumbe: "Mama anasema umusamehe. Anasema kinywaji kikali namna ile, ye angekipa samaki mubichi wa ziwani, mwenye mafuta yake. Chumvi tu, pilipili hapana. Na ndizi za kuchemsha. Halafu ukitie kwanza kijitoni, kipoe."
Nimecheka kwa dharau. Hajatia hata tone kinywani, kanusa tu! Lakini mfa maji haachi kutapatapa. Nimemwagiza dereva wa lori kuhe mmoja, samaki mnono wa ziwani, amfunge kwa majani ya mgomba.

Jumapili, 10 Agosti
Kuhe alifika jana, macho bado maangavu. Leo nimemwoka ndani ya majani yaleyale. Chupa ya mwisho imekaa kijitoni tangu misa ya kwanza. Kabla ya kuipeleka mezani nikaionja na kipande cha samaki. Nikabaki nimesimama. Samaki kawa mtamu zaidi, divai imelegeza ukali wake, hata ndizi imepata ladha. Yule mama ni fundi. Mimi mwanafunzi. Nikajaza kichupa kimoja, nikakificha nyuma ya debe la unga.
Mkuu alikula bila kuinua macho. Mtu mkavu yule. Samaki alipobaki mifupa, akainua chupa mwenyewe. Tupu. Akauliza kama ipo nyingine. Nikasema imekwisha, Mungu anisamehe. Akamgeukia Bruda: mizabibu ibaki, na mwakani aongeze shamba. Bruda alijifuta macho kwa kitambaa cha meza. Mimi nilikimbilia jikoni nikalia huko.

Jumatatu, 11 Agosti
Wamekwenda. Nimerudi nyumbani na kichupa, kimepoa vizuri, na kipande cha kuhe nilichobakiza. Nikaviweka kwenye kizingiti cha jiko. Nikamwambia Skola kwa sauti kwamba naenda kuchanja kuni nyuma ya nyumba na sitarudi upesi.
Nimechanja kuni za wiki nzima. Kisha nikamsikia mama mkwe ndani, anacheka peke yake. Sikuwahi kumsikia akicheka. Nikachukua gogo jingine.