Marando ya Mama Josefina

Nyakahura, Biharamulo
Juni 1979

Shangazi yangu mpendwa Clotilda,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mguu umeacha kukusumbua. Mimi sijambo kabisa, ila jua la huku limenichoma hata usingenitambua nikirudi Murukulazo leo.

Barua yako imefika. Unasema akina Protasi watampelekea Baba pombe ya kuniposa Jumapili ya mwisho wa mwezi, na Baba ameshaanza kutabasamu peke yake. Protasi hana kosa lolote, Shangazi. Ananichosha tu. Tafadhali nisikilize kwanza.

Kazi yetu inakwenda vizuri. Mimi na bwana shamba Celestini tumetumwa kutafuta mimea yote ya jamii ya kiazi kitamu, ya shambani na ya porini, Ngara na Biharamulo. Ni ile yenye maua kama tarumbeta, ya zambarau, meupe na ya njano, ambayo wewe huing'oa kwenye maharage huku ukiitukana. Maua yake hufunga jua likiwa kali, kwa hiyo tunatoka na umande, kisha tunarudi kuyabana katikati ya magazeti yenye habari za vita. Watu wanatucheka, eti serikali imekosa kazi mpaka inatafuta magugu.

Mbao za kubania alitutengenezea Bukuru, fundi seremala, ambaye wazazi wake walikimbilia huku kutoka Burundi. Kirundi chao na Kihangaza chetu havihitaji mkalimani. Kila jioni alikuja kukaza mbao ambazo hazijalegea.

Mama yake, Josefina, ana viazi vya aina ambayo hatujaiona kwingine. Nilimwomba marando, yale mashina ya kupandia, akanipa fungu zima, nikayapanda nyuma ya nyumba tuliyofikia ili tuone maua yake. Kesho yake asubuhi, vigelegele! Celestini alitoka nje na povu la sabuni shavuni. Akaambiwa kwamba kwa akina Josefina, mama humchagulia mwanawe mchumba kwa kumpa binti marando ya shamba lake mwenyewe. Binti akiyapanda, amekubali.

Masikini Celestini, aliona aibu utadhani yeye ndiye bibi harusi. Akaniamuru niyang'oe, akaenda mwenyewe kuomba radhi, akaeleza kwamba ile ni kazi ya serikali na binti ni mgeni, hakujua. Josefina alimsikiliza kwa heshima, akamkaribisha uji, asiseme neno.

Alinyamaza kwa ajili yangu. Nilijua, Shangazi. Siku aliponipa marando alinieleza maana yake taratibu, akarudia, akasema nikisita niyaache palepale uani, hatakasirika. Nilijitwika marando yale nikapita nayo katikati ya kijiji. Nampenda Bukuru, na sijawahi kushika jembe kwa furaha namna ile.

Sikuyang'oa, na sasa yameshika. Nenda kwa Baba kabla ya Jumapili hiyo, nakusihi, umwambie binti yake ameshapanda.

Nisalimie Mama na wadogo zangu wote. Baba msalimie mwisho, akishakula.

Mwanao akupendaye,
Verediana