Kadi ya Consolata, Hati ya Zainabu

Shikamoo Mama. Natumaini mafua yameisha.

Leo nusura nirudishwe mpakani Mabamba, nikienda Burundi na mama mkwe kwa dada aliyejifungua. Kadi yangu ya homa ya manjano imeandikwa Consolata, hati ya kusafiria Zainabu.

"Wewe ni yupi?" afisa akauliza.

Mama mkwe akafungua mkoba, akatoa cheti changu cha ndoa alichokibeba bila kuniambia. "Consolata alipewa na mama yake, Zainabu tulimpa sisi alipoolewa. Huyu ni binti yetu."

Afisa akasoma majina yote mawili kwenye cheti, akatabasamu, akagonga muhuri.

Mama, tangu niolewe hujawahi kumkaribisha mama mkwe kwako. Tukirudi nitakuja naye. Mpikie ugali wa muhogo, anaupenda sana.

Nakukumbatia,
Mwanao